Faili la GB 4.2 linakataa kuingia kwenye DVD yenye nafasi

Langoni_Video: Assalaam aleikum. Video ya Maulidi hapa Lamu, faili moja la MP4, GB 4.2. DVD-R tupu inaonyesha nafasi ya GB 4.38, lakini programu ya kuchoma inagoma, eti faili ni kubwa mno. Nimebadilisha diski mara tatu, yale yale. Kosa liko wapi?

FundiShela: Waaleikum salaam. Acha kuharibu diski, hazina kosa. ISO 9660, mpangilio wa zamani wa kupanga mafaili kwenye diski, ile ya kawaida huandika ukubwa wa faili kwa biti 32, kwa hiyo kikomo ni baiti 4,294,967,295, yaani GB 4 kasoro baiti moja kwa hesabu ya kompyuta. Lako la GB 4.2, kwa hesabu hiyo hiyo, lina kama baiti bilioni 4.5. Joliet, nyongeza ya ISO 9660, nayo ina kikomo hicho hicho, inarefusha majina ya mafaili tu. Dawa ni UDF, mpangilio mwingine usio na kikomo hicho. Kwenye ImgBurn, programu ya kuchoma ya Windows, ingia Build, kichupo cha Options, File System chagua UDF peke yake, toleo 1.02. Choma kwa kasi ya 8x na alama ya Verify ibaki imewekwa, ili diski ikaguliwe.

Mkomani254: Kwa wa Linux:

genisoimage -udf -allow-limited-size -o maulidi.iso folda/

Ukisoma diski hiyo kwa ISO 9660, faili litaonekana limekatwa. Kwa UDF ni zima. Na kama utalibeba hilo faili la maulidi.iso kwa flashi hadi saiba, tazama kwanza: flashi iliyoformatiwa kwa FAT32 ina kikomo kile kile cha GB 4, itakataa hata ikiwa ya GB 64. Iformati kwa exFAT, baada ya kutoa vilivyomo.

Langoni_Video: UDF imekubali, shukran. Sasa mteja anataka kuitazama kwenye deki ya TV.

FundiShela: Hapo ni habari nyingine, kaka. Deki nyingi za kawaida hazichezi MP4, iwe UDF au vinginevyo. Tengeneza DVD-Video: picha iwe ya aina ya MPEG-2, ndani ya folda ya VIDEO_TS. Programu ya kutengeneza DVD yenyewe itaikata video iwe mafaili ya VOB yasiyozidi GB 1 kila moja, usiyaunganishe. Kama video ni ya saa 2, picha na sauti kwa jumla zisizidi Mbps 5 (megabiti kwa sekunde). Ukiweka 6, haiingii kwenye diski ya tabaka moja. MP4 yako ya asili ibaki kwenye ile ya UDF.

Mkomani254: Usimpe mteja faili lililogawanywa vipande kwa programu ya 7-Zip, wallahi. Atakupigia simu usiku kuuliza kipande cha .001 ni nini.