Naomba ushauri: mnyama gani anafaa kuchunguzia mpox ya huku kwetu?

Jambo kwenu ndugu na dada. Niko Bukavu, naandika kazi ya kumaliza masomo juu ya wanyama wa maabara wanaotumika kuchunguza mpox, ule ugonjwa wa virusi unaotoa vipele. Promota, yaani mwalimu anayesimamia kazi yangu, anataka nichague mnyama mmoja nimtetee, na hapo ndipo nimekwama.

Panya wa kawaida wa maabara hawaugui sana. Wale wa ukoo uitwao CAST/EiJ wanakufa, lakini interferoni gama yao (protini ya kinga ya mwili) ni dhaifu. Makaki, aina ya tumbili, wanatoka vipele kama sisi, ila mara nyingi hudungwa virusi vingi mshipani, wanaugua upesi mno.

Mimi namwelekea prairi-dogi, yule kindi wa ardhini wa Marekani. Mwaka 2003 aliambukizwa na wanyama walioletwa kutoka Ghana, akaambukiza watu. Tena anakaa na virusi siku kadhaa kabla ya kuugua, kama binadamu.

Lakini aina ya virusi vya mpox iitwayo Ib, iliyoonekana Kamituga huku Kivu Kusini mwaka 2023, inapita kati ya watu kwa kugusana ngozi, hata kitandani. Mnyama aliyetiwa virusi puani maabara atanieleza nini juu ya hilo? Mliowahi kutetea kazi kama hii, jopo litanibana wapi? Nisaidieni tafadhali, wagonjwa ni majirani zetu.