Kupe na viroboto kwa mbwa wangu wa ulinzi: dawa gani ya bei ndogo isiyoniulia watoto wa mbwa? (Tanga mjini)

FundiWaMikanjuni

Wakuu, habari za leo. Nipo Tanga, Mikanjuni. Nafuga mbwa wawili wa ulinzi, Chui (dume, nakisia kilo 25) na Pendo, jike ananyonyesha watoto wanne wa wiki tano. Mimi ni fundi cherehani, nashonea barazani, na hapo ndipo jambo lilipoharibika. Juzi mteja kaja kuchukua gauni la sendoff, namkunjulia aone pindo, kupe anapanda juu ya satini taratibu kama mwenye nyumba. Nilimchomoa kama natoa uzi uliosahaulika. Mteja kaangalia, kanyamaza, kalipa, kaondoka.

Mwezi uliopita nilinunua duka la dawa za mifugo kichupa cha amitrazi, ile wanayoogeshea ng'ombe, asilimia 12.5, mililita 100, shilingi 7,000. Muuzaji kaniambia "weka kifuniko kimoja kwenye ndoo" basi. Nikaogesha Chui. Kesho yake kupe wamedondoka kama kunde kwenye gunia analolalia. Viroboto ndiyo kwanza wanaruka! Anajikuna hapo juu ya mkia mpaka ngozi imebaki wazi. Wiki mbili baadaye kupe wakarudi na jamaa zao.

Duka jingine wananipa kidonge cha kutafuna, kimoja 60,000. Sitini! Hizo ni sare za shule ngapi nishone? Jirani anasema oili chafu, bibi wa nyumba ya nyuma anasema mwarobaini. Watoto wa mbwa nao viroboto wamewajaa, na nikiwafungua mdomo ufizi naona umepauka. Bajeti yangu ni 20,000 kwa mwezi. Tusidanganyane, ni 15,000.

KijanaWaSahare

Oili chafu dada, dawa ya wazee. Mbwa wa mjomba alipakwa, kupe kwisha.

MzeeWaJosho

Kijana, na manyoya yake je? Mbwa hujiramba. Hiyo oili inaishia tumboni, na ngozi inaungua. Dada fundi, usipake oili wala mafuta ya taa.

Nimekaa miaka mingi kwenye majosho, Muheza na Pangani, kwa hiyo niruhusu nikuandikie kirefu. Dawa uliyonunua siyo mbovu. Amitrazi ni dawa ya kupe. Kiroboto haimtishi sana, ndiyo maana Chui aliendelea kujikuna. Watu wengi hudhani dawa "imechakachuliwa" kumbe wameipa kazi isiyo yake.

Halafu kifuniko siyo kipimo. Dawa ya asilimia 12.5 huchanganywa mililita 2 kwa kila lita ya maji. Nenda duka la dawa za binadamu ununue bomba la sindano la mililita 5, utoe sindano yenyewe, upimie. Chui atatumia kama lita 3, yaani mililita 6. Piga hesabu: kichupa chako kinatoa lita 50, ni mara 16 za kumwogesha. Hapo ndipo ulipo urahisi wa bei, siyo kwenye kuzimua. Changanya unapotaka kutumia tu, mabaki usiyahifadhi, na usiyamwage kwenye mtaro unaokwenda baharini maana yanaua samaki. Vaa glavu. Mloweshe mpaka dawa ifike kwenye ngozi, usimsuuze, akaukie kivulini bila kujiramba. Penye kidonda paache mpaka papone.

Sasa kwa nini walirudi. Kupe wa mbwa hakai mwilini maisha yake yote. Akitoka kwenye yai anapanda, ananyonya, anashuka kujivua. Anapanda tena, anashuka tena. Akikomaa anapanda mara ya tatu, na jike akishiba anashuka kutaga mayai kwa maelfu kwenye ufa wa ukuta. Uliwaua waliokuwa juu ya Chui siku ile. Waliokuwa kwenye nyufa za baraza na ndani ya lile gunia walikuwa wanasubiri zamu. Rudia kila baada ya wiki mbili, na gunia lichome leo.

Kiroboto naye mayai yake hudondoka popote mbwa anapolala. Funza wake anaishi kwenye vumbi, kisha anajifungia kwenye kifuko, na humo dawa haimpati. Anakaa wiki, hata miezi, akisikia mtikisiko na joto la mnyama anatoka. Kwa hiyo usishtuke ukiona wapya mwezi mzima baada ya kuanza. Fagia kila siku, takataka zitupwe mbali. Nyufa zipulizie dawa ya nyumbani yenye deltamethrini, wanyama wote wakiwa nje mpaka pakauke.

Watoto wa mbwa: amitrazi USIWAPE, wadogo mno. Matone ya mgongoni ya fipronili huanza wiki ya nane. Kwa sasa waoshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya kawaida, wakaushe vizuri, uwachane kwa kitana cha chawa, kila viroboto wakinasa unakichovya kwenye maji ya sabuni. Huo ufizi mweupe ni damu imepungua. Kwa daktari wa mifugo leo, siyo Jumatatu.

Pendo ndiye ningemnunulia kidonge, kama ni cha fluralana. Kinaruhusiwa kwa mbwa anayenyonyesha, kinaua kupe na viroboto, na kinakaa wiki 12, ambayo ni 5,000 kwa wiki. Mpe pamoja na chakula. Akiwa na historia ya kifafa mwambie daktari kwanza. Usinunue kikubwa ukakata ugawe, hujui dawa imekaa upande gani.

MamaPaka_Chumbageni

Naongeza moja: kama una paka, angalia dawa ya mbwa isiwe na permethrini. Paka wangu alilala ubavuni mwa mbwa aliyepakwa, akatetemeka usiku kucha. Alipona kwa bahati.

FundiWaMikanjuni

Shikamoo Mzee wa Josho. Ni wiki tatu sasa. Tulikwenda kwa daktari siku ileile, mtoto mmoja, yule mdogo wa mwisho, alifia kwenye kikapu tukiwa kwenye bajaji. Watatu wapo, wanacheza na vibanzi vya uzi.

Kidonge cha Pendo nimekopa kwenye kikoba. Chui nilimpeleka kwenye mizani ya muuza mkaa, mzee, ana kilo 19! Kilo sita nilikuwa namzidishia kwa mapenzi. Nimemwogesha mara mbili kwa kipimo cha bomba, na kwa viroboto nimemwekea matone ya saizi yake, 12,000. Gunia nilichoma, akagoma kulala sakafuni, ikabidi nimshonee godoro la mabaki ya vitambaa. Foronya nachemsha kila Jumamosi.

Jana nilimchana juu ya kitambaa cheupe chenye unyevu: punje nyeusi tatu, moja ikageuka nyekundu, yaani kinyesi cha kiroboto chenye damu. Bado wapo, ila zamani kitambaa kizima kilikuwa kama kimenyunyiziwa pilipili manga.

Mteja wa gauni hajarudi. Lakini mdogo wake kaja kupimwa juzi, kakaa barazani, miguu kaipandisha juu ya kiti.