Dekoda ya antena, ya dishi, au waya wa mwenye nyumba? Naomba ushauri kabla ya Ijumaa

UmuZena – Jumatatu, saa 2:15 usiku

Assalam aleikum jamaa. Tumehamia nyumba nyingine na mama anataka TV iwe inafanya kazi kabla ya Ijumaa, tuna wageni wa harusi. Nina njia tatu. Kuna dekoda ya antena, kuna dekoda ya dishi, na kuna waya wa mwenye nyumba: ana dishi lake juu ya paa, anawagawia wapangaji, unalipa pamoja na kodi. Ipi bora kwetu? Na je, naweza kuunga mwenyewe au lazima fundi? Niko Shela.

Fundi_Kaskazi – Jumatatu, saa 2:31 usiku

Wa aleikum salaam dada. Swali hilo halijibiki jinsi lilivyo. Shela ya Malindi au ya Lamu? Ghorofa au chini? Paa ni makuti, mabati au saruji? TV ni bapa au ya kisogo, ina tundu la HDMI au ni zile nyaya tatu, njano, nyeupe na nyekundu? Mama anatazama nini? Bila hayo kila mtu hapa atakuuzia anachokipenda yeye.

Gunners_Maweni – Jumatatu, saa 2:40 usiku

Dishi, hakuna mjadala. Picha safi, chaneli nyingi, na mpira wote upo. Antena upepo ukivuma tu picha inakatika vipande vipande, dakika ya 88 unabaki kutazama sura ya mchezaji iliyoganda. Lipa kifurushi, tulia.

NahodhaWiyoni – Jumatatu, saa 2:52 usiku

Kakangu Gunners, na masika je? Wingu zito likishuka dishi linakuandikia hakuna mawimbi, na hapo ndipo watu wote wako nyumbani wanataka kutazama. Antena mvua haiidhuru. Ikiyumba kwa upepo basi mlingoti haukufungwa sawa. Mimi niko Lamu, upepo wa huku unaujua, na antena yangu haijatikisika tangu niifunge bomba kwa vibano viwili badala ya kimoja.

UmuZena – Jumanne, saa 1:05 asubuhi

Shela ya Malindi, samahani sikusema. Ghorofa ya 2, paa la saruji. TV ni bapa, inchi 32, ina HDMI. Mama hutazama habari, tamthilia za Kiswahili na visomo vya Ramadhani. Mpira hautuhusu.

Fundi_Kaskazi – Jumanne, saa 1:40 asubuhi

Sasa tunaongea. Kabla hujanunua chochote, geuza TV usome kibandiko cha nyuma au kile kitabu chake. Ukiona DVB-T2, ule mfumo wa matangazo ya dijitali ya antena, kipokezi kiko ndani ya TV yenyewe. Unahitaji antena tu, unatafuta chaneli kwa rimoti, na KBC, Citizen, NTV na KTN zinaingia bila dekoda na bila malipo ya mwezi. Angalia hiyo 2 iwepo. DVB-T peke yake haitoshi, Kenya tunarusha kwa T2. Watu wengi wamenunua dekoda na TV tayari ilikuwa nayo, na muuzaji hakuwauliza.

Gunners_Maweni – Jumanne, saa 1:58 asubuhi

Chaneli za bure si za kutegemea. Mmesahau 2015? Analojia ilipozimwa, Citizen, NTV na KTN zilikaa gizani wiki kadhaa kwa ule mvutano wa nani arushe matangazo yao. Waliokuwa na dishi walikuwa na kitu cha kutazama.

NahodhaWiyoni – Jumanne, saa 2:10 asubuhi

Hata kwenye dishi hizo stesheni tatu hazikuwepo.  Usimtishe dada kwa mambo ya zamani.

Mwalimu_Barani – Jumanne, saa 10:20 jioni

Dada UmuZena, nimesoma tangu mwanzo na hakuna aliyegusa njia yako ya tatu, nayo ndiyo inayonipa wasiwasi.

Nilipanga nyumba hapa Malindi, jengo la ghorofa, mwenye nyumba akigawa waya kama huo wako. Fundi wake alikuwa kijana mwepesi wa kupanda, nikamwona siku hiyo hiyo keshamaliza nyumba zote. Juu ya paa aliweka splita moja ya kugawa, akaifunga ndani ya mfuko wa plastiki na kuikaza kwa mpira wa baiskeli. Kutoka hapo kila waya uliteremka ukutani wima, ukaingia dirishani, ukashuka moja kwa moja hadi nyuma ya dekoda. Hakuacha kitanzi hata kimoja. Chini ya dekoda palikuwa na ekstensheni sakafuni.

Zikaja zile mvua kubwa za El Niño, mwisho wa 2023. Usiku mmoja TV ikaanza kukatika, nikadhani ni mawingu. Mke wangu akasema ananusa kitu kama plastiki iliyoungua. Nikazima swichi ya ukutani kwanza, nikachomoa, ndipo nikavuta dekoda mbele. Kichwa cha waya kilikuwa kimeota kutu ya kijani. Nilipokifungua, ile ncha ya shaba ya katikati ilikuwa na tone la maji linaning'inia, nikilifuta linakuja jingine. Maji yaliingia juu kwenye splita, yakasafiri ndani ya ganda la waya ghorofa zote hizo, yakatokea ndani ya dekoda. Nyuma yake palikuwa pameungua weusi upana wa sarafu ya shilingi ishirini, na matone mengine yalishaangukia ekstensheni.

Na si hilo tu. Jirani wa chini, mtoto wake alikuwa akilalamika kwamba akigusa chuma cha ule waya mkono unafanya ganzi. Tukadhani ni utoto. Fundi wa stima alipokuja na kipimo chake akakuta adapta ya dekoda ya nyumba nyingine imeharibika ndani, inavujisha stima kwenye wavu wa chuma ulio ndani ya ganda la waya. Na kwa kuwa waya wote umeungana juu, stima ya nyumba moja ilikuwa inatembea kwenye nyumba zetu sote. Dishi halikuwa na waya wa arthi, ule wa kupeleka stima iliyovuja ardhini.

Sikusema ukatae. Panda juu uone kwanza, au umtume mtu unayemwamini.

Fundi_Kaskazi – Jumanne, saa 12:05 jioni

Mwalimu amesema kweli tupu. Kwa waya wa kugawana mambo ya kuangalia ni haya: splita iko ndani ya kisanduku kinachofunga, au mfukoni? Dishi na splita vina arthi iliyoshuka ardhini? Waya umepigwa misumari au una vibano vyake? Na kabla waya haujaingia ndani lazima ushuke chini ya tundu la dirisha kisha upande tena, ili maji yanayotembea nje ya waya yadondoke hapo. Hicho kitanzi ni cha bure kabisa. Yale ya ndani ya ganda yanazuiwa juu, kwa vichwa vilivyofungwa utepe wa kuzuia maji.

Mwenye nyumba akikuzuia kupanda paa lake kuona, basi umeshapata jibu.

BiMkubwa_Langoni – Jumanne, saa 1:30 usiku

Wanangu, mimi si fundi lakini nina dekoda miaka mingi. Ifunikeni kitambaa. Huku Lamu upepo wa bahari una chumvi na vumbi la mtaani linaingia kila tundu. Changu nimekidarizi mwenyewe na dekoda yangu iko kama mpya.

Fundi_Kaskazi – Jumanne, saa 1:44 usiku

Shikamoo bibi. Kwa heshima zote, hapo naomba tusikubaliane. Yale matundu ya juu na ubavuni ndiyo pumzi yake. Ikiwa inafanya kazi na kitambaa kiko juu, joto linakwama ndani, na vile vikopo vidogo vya umeme kwenye bodi vinavimba. Nafungua dekoda nyingi, na zile zilizokuwa zimefunikwa nazijua kabla sijamuuliza mwenyewe. Ukiisha kutazama, izime ukutani, ipoe, ndipo uifunike. Vumbi lifutwe kwa kitambaa kikavu ikiwa imechomolewa. Na tafadhali isikae juu yake chombo cha maua chenye maji wala chetezo.

BiMkubwa_Langoni – Jumanne, saa 1:59 usiku

Marahaba mwanangu. Chetezo siweki, nitakuwa mwendawazimu? Kitambaa nitakiondoa ikiwaka. Lakini chumvi ipo, na wewe wa Malindi hujaona chumvi ya Lamu.

Mkomani_Juu – Jumanne, saa 2:20 usiku

Kwa kuwa tumeingia Lamu, niulize na langu. Nyumba yetu ni ya kale, kuta za matumbawe na chokaa, dari ya boriti. Nataka dishi. Fundi mmoja alitaka kutoboa ukuta wa mbele unaotazama mtaa.

NahodhaWiyoni – Jumanne, saa 2:35 usiku

Mzuie. Mji Mkongwe wa Lamu uko kwenye orodha ya UNESCO tangu 2001, kaulize ofisi ya Makumbusho kwanza. Na ukiacha sheria, ukuta wa chokaa haushiki bolti ya kutanuka, ukikaza unameng'enyeka. Upepo wa kusi utaling'oa dishi na kulitupa mtaani watu wanapita na punda. Weka juu ya paa, nyuma ya kikuta, kwenye kigingi kilichozikwa ndani ya ndoo ya zege.

Fundi_Kaskazi – Jumanne, saa 2:50 usiku

Na usishangae dishi likikaa kama limelala. Setilaiti ya nyuzi 36 mashariki kwetu pwani iko karibu utosini, kwa hivyo dishi linatazama juu na majani ya mti wa jirani yanaangukia ndani. Ile ya nyuzi 7, ambayo dekoda za Azam zinatumia, iko upande wa magharibi, takriban nusu ya mbingu. Nyumba ndefu ikiwa magharibi yako hupati kitu.

Gunners_Maweni – Jumatano, saa 12:30 asubuhi

Turudi kwa dada. Haya yote ya kutisha yanamalizwa na kitu kimoja: TV gadi, kile kifaa cha kukata stima ikipanda ghafla. Nunua gadi nzuri, chomeka, sahau.

Mwalimu_Barani – Jumatano, saa 1:10 asubuhi

Gadi yangu ilikuwepo usiku ule, taa yake kijani. Maji hayakupita kwake.

Fundi_Kaskazi – Jumatano, saa 1:25 asubuhi

Gadi ni nzuri na mimi nawaambia wateja wote wawe nayo. Stima yetu ni volti 240, lakini waya wa nyutro ukikatika nguzoni inaweza kupanda kuelekea 415, na gadi nzuri inakata. Isipokuwa inalinda njia ya stima peke yake. Radi ikipiga jirani inaingia kwa waya wa antena au wa dishi, ambao haupiti kwenye gadi. Ukisikia ngurumo kwa mbali, chomoa vyote viwili, plagi na waya wa juu. Radi ikishakuwa karibu usiziguse tena, waache watoto wakae mbali na TV.

UmuZena – Jumatano, saa 6:15 mchana

Ahsanteni sana. Nimegeuza TV, imeandikwa DVB-T2! Paani nilimtuma ndugu yangu, anasema splita iko kwenye sanduku jeupe lakini hakuona waya wowote unaoshuka ardhini. Mama sasa anasema shangazi ana dishi na anaona chaneli za tamthilia ambazo hazimo kwenye zile za bure, naye anazitaka. Kwa hiyo sijui. Na mtu anifundishe kuunga, nikiamua dekoda.

Fundi_Kaskazi – Jumatano, saa 7:00 mchana

Kuunga ndani unaweza mwenyewe, dada. Kwanza kila kitu kizimwe na plagi iwe nje. Unafunga waya wa juu kwa mkono, bila koleo, kisha HDMI, na plagi ya stima inakuwa ya mwisho kabisa. Mpangilio huo una sababu. Dekoda ya dishi hupeleka volti 13 au 18 juu kwa LNB, lile jicho la dishi, kupitia waya uleule. Ukiufunga ikiwa imewaka, ule unywele mmoja wa wavu ukigusa shaba ya katikati unaweza kuiua dekoda papo hapo. Tumia adapta iliyokuja nayo. Ukiambiwa imeharibika, usiletewe ya simu. Siku ya kwanza dekoda inaweza kujisasisha programu, iache, usizime katikati hata kama imekaa kimya.

Paani usipande. Kule mtafute fundi, na mwambie mlingoti ukae mbali na nyaya za stima kiasi kwamba hata ukianguka wote hauzifikii.

Sasa hujasema soketi ziko ngapi hapo TV ilipo na ziko upande gani.

Gunners_Maweni – Jumatano, saa 7:20 mchana

Mama ametaka dishi mwenyewe. Mimi nilisema tangu Jumatatu.

NahodhaWiyoni – Jumatano, saa 7:48 mchana

Ametaka tamthilia. Dekoda za antena za kulipia nazo zina chaneli za tamthilia, aulize kifurushi kabla ya kubeba dishi ghorofani. Aanze na antena na hiyo TV yake, Ijumaa iko kesho kutwa.

UmuZena – Jumatano, saa 3:40 usiku

Soketi ni moja tu, na friji imechomekwa hapo.

Fundi_Kaskazi – Jumatano, saa 3:52 usiku

Friji isishirikiane ekstensheni na TV. Friji ibaki ukutani. Kuna soketi nyingine chumba gani, na umbali gani?

Mkomani_Juu – Alhamisi, saa 1:15 asubuhi

Nahodha, hiyo ndoo ya zege ni ya lita ngapi? Na kigingi kiwe chuma cha kupaka zinki au mtaimbo wa kawaida utafaa?

NahodhaWiyoni – Alhamisi, saa 1:33 asubuhi

Ya lita 20, ile ya rangi. Bomba la zinki, mtaimbo wa kawaida kwa hewa ya huku unakula kutu mapema mno. Lichimbie tundu pembeni upitishe kipande cha nondo, lisizunguke ndani ya zege. Niko Wiyoni, Jumapili baada ya adhuhuri naweza kuja kuangalia paa.