Maji ya jibini: kuzuia uchafuzi kunalipa, au ni gharama tu?

MamaMgando, Njombe
Wakuu habarini. Nina kiwanda kidogo cha maziwa, tunapokea kama lita 600 kwa siku. Nusu mtindi, nusu jibini. Maji ya jibini na ya kuoshea vyombo yote yanaenda mtaroni, na mtaro unaishia kijitoni. Kiangazi hiki kijito kimeanza kunuka, majirani wa bondeni wamekuja kulalamika, na wana haki. Mtaalamu kanichorea mabwawa ya majitaka. Bei yake inazidi ya tenki langu la kupoozea. Wenye uzoefu, hela hii itarudi?

FundiMaziwa
Dada, usichimbe kwanza. Nimesimamia uzalishaji viwandani miaka mingi. Maziwa umeyanunua, umeyapoza, umeyachemsha, kisha unataka kulipa tena kuyasafisha! Punguza kinachoingia mtaroni, ndipo upime bwawa.

Tatizo lako kubwa ni maji ya jibini. Lita 10 za maziwa zinatoa takriban kilo 1 ya jibini. Zinazobaki, kama lita 9, ni hayo maji, na yamebeba karibu sukari yote ya maziwa na protini kidogo. Vijidudu vinaila hiyo sukari na kumaliza oksijeni ya kijito, ndiyo harufu hiyo. Kipimo chake cha BOD, yaani oksijeni ambayo vijidudu vinahitaji ili kuozesha uchafu huo, kinapita miligramu 30,000 kwa lita, wakati kikomo cha Tanzania kwa majitaka yanayomwagwa ni 30. Bwawa dogo halitaliweza pengo hilo.

Yachemshe hadi nyuzi 85 au 90, tia siki kidogo, zitaelea chembe nyeupe. Zichuje: hiyo ni rikota, jibini laini, na hoteli zinainunua. Haitakuwa nyingi, lakini hukuinunulia maziwa mapya. Maji yanayobaki bado yana sukari, kwa hiyo yapeleke kwa wafuga nguruwe siku hiyohiyo, kabla hayajachacha.

Halafu keni. Zisimamishe kichwa chini zichuruzike kabla ya kuosha. Sakafu ivutwe kwa raba kwanza, maji baadaye, na mpira wa maji uwe na koki mwishoni. Mpira unaoachwa ukitiririka sakafuni unaniuma hadi leo.

Mhasibu_Mbeya
Niongeze upande wa hesabu. Mteja wa dukani hatakulipa zaidi kwa sababu kijito ni safi, usiweke hilo kwenye mpango wako. Faida itafute kwenye maziwa, maji na kuni. Funga mita ya maji, andika lita za maziwa zilizoingia na bidhaa zilizotoka kwa mwezi mzima kabla hujabadilisha chochote. Bila daftari hilo hutajua kilichookolewa, na benki haitakuelewa ukienda kukopa kwa ajili ya bwawa.

MamaMgando
Asanteni sana. Jirani yangu ana nguruwe, leo jioni naongea naye. Maji ya chumvi ninayolowekea jibini niyachanganye humo?

FundiMaziwa
Hapana kabisa, dada. Chumvi nyingi inaua nguruwe, hasa wakikosa maji ya kunywa. Hayo usiyamwage pia: yachuje, yachemshe, ongeza chumvi iliyopungua, uyatumie tena. Na jirani aanze na kiasi kidogo kwenye pumba, wakipewa mengi ghafla wataharisha.