Karani analalamikia programu ya kufuatilia kompyuta: nimjibu nini?

Msimamizi wa ofisi, Mtwara
Ndugu zangu, ninasimamia ofisi ya ghala la korosho yenye kompyuta sita. Kabla ya minada ya Oktoba kuanza, mkurugenzi aliagiza ziwekewe programu inayopiga picha ya skrini kila baada ya dakika kumi na kurekodi kila herufi inayobonyezwa, kwa kuwa msimu uliopita uzito uliomo kwenye mfumo ulitofautiana na ule uliopimwa ghalani. Wafanyakazi walidokezwa kwa mdomo tu. Sasa karani mmoja ameniandikia barua: picha hizo zimenasa majibu yake ya hospitali, aliyoyafungua kwenye barua pepe wakati wa mapumziko, na kijana wa kompyuta amemtania kwayo mbele ya wenzake. Mkurugenzi anataka nimjibu kwa sentensi moja, kwamba kompyuta ni mali ya kampuni. Mimi nasita.

Afisa utumishi, Lindi
Usiitume sentensi hiyo, dada. Kompyuta ni ya kampuni, lakini majibu ya hospitali ni ya karani. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za mtu amweleze mhusika lengo lake kabla ya kuzikusanya, na taarifa za afya imezihesabu kuwa nyeti. Barua yako ieleze ni nini kinachorekodiwa, nani anakiona na kinafutwa lini. Kisha iseme waziwazi kwamba picha zile zimefutwa, na kwamba suala la kijana aliyemtania linashughulikiwa peke yake kama kosa la nidhamu. Hilo la utani ndilo lililomuumiza, nawe ukilipita kimya, maelezo mengine yote hatayasoma. Mweleze pia kwamba asiporidhika anaweza kulalamika kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Atalijua hata usipomwambia.

Fundi mifumo, Masasi
Zimeni urekodi wa herufi leo hii. Unahifadhi nywila za kila mtu, ikiwemo ya mkurugenzi mwenyewe anapoingia benki kupitia mashine ya ofisini. Kama tatizo ni uzito, mfumo wa ghala ukiwekwa vizuri huonyesha nani alibadili takwimu gani na saa ngapi, na hayo yanatosha. Isitoshe, korosho hunyauka ghalani. Je, unyaufu mliupigia hesabu kabla ya kuwashuku makarani?

Mfanyabiashara, Newala
Na karani naye asome barua zake kwenye simu yake. Mwajiri ana haki ya kulinda mzigo wa wakulima uliowekwa dhamana kwake.

Afisa utumishi, Lindi
Haki hiyo anayo, kaka, ila aitumie kwa kanuni iliyoandikwa na kusainiwa. Hapa hakukuwa na karatasi hata moja.

Msimamizi wa ofisi, Mtwara
Nashukuru. Urekodi wa herufi umezimwa mchana huu, na picha zitapigwa ndani ya mfumo wa ghala pekee hadi kanuni iandikwe. Unyaufu, nakiri, hatukuupigia hesabu. Mkurugenzi amekubali yote isipokuwa kuomba radhi kwa maandishi, kwa hiyo aya hiyo nitaiandika kwa jina langu, kwa sababu kijana yule yuko chini yangu.