OK: tupeane uzoefu, wewe ilikukuta wapi?

Wakuu, salaam. Uzi huu ni wa hii OK tunayoitupia kila mahali. Nianze na asili, maana najua wapo watakaokuja na za vijiweni. Ilichapwa tarehe 23 Machi 1839 katika gazeti la Boston Morning Post, Marekani. Enzi hizo kulikuwa na mtindo wa kufupisha maneno huku tahajia ikikosewa makusudi, basi "all correct" ikageuzwa "oll korrect", ikabaki OK. Utani mwingi wa aina hiyo ulikufa. Huu uliokolewa na siasa: mwaka 1840 Rais Martin Van Buren akigombea tena, wafuasi wake walimwita Old Kinderhook, kwa jina la kwao huko New York, wakaanzisha klabu za OK. Yeye akaanguka, neno likapita. Aliyefukua haya kwenye magazeti ya zamani ni msomi Allen Walker Read, miaka ya 1960. Kabla yake wengi walishikilia kuwa ni neno la Wachoctaw, kabila la wenyeji wa asili wa Marekani, na Rais Woodrow Wilson mwenyewe, akiamini hivyo, alikuwa akiandika "okeh".

Leteni visa vyenu sasa.

Mzamiaji wa Nungwi: Mkuu, chini ya maji hatuna mdomo, ni mikono tu. OK ni gumba na kidole cha shahada vimegusana, vitatu vimesimama. Sasa mgeni unamuuliza kama yuko salama, anakuinulia dole gumba. Kwetu sisi hiyo ni "tupande juu", na ukipewa hubishi, mnapanda. Kundi zima linamwacha kasa wake pale, tukifika juu mtu anauliza, "mbona tumetoka?" Siku hizi kabla hawajaruka nawafanyisha mazoezi boti nzima kama chekechea.

Dada wa Leeds: Mie natunza wazee huku Uingereza. Bibi ukimuuliza chai akakujibu "I'm OK", hataki. Ukimmiminia umemkera, ila hatakwambia. Na akisema chakula kilikuwa OK, ujue hakikumpendeza, mwambie mpishi.

Mpwa wa Muscat: Mmesahau tiketi za karatasi! Kulikuwa na kisehemu cha hali ya kiti: OK maana yake umethibitishwa, RQ bado unaombewa nafasi. Mjomba wangu alikuwa hamwamini wakala hata kidogo. Anaisogeza tiketi kwenye taa, anavaa miwani, anaitafuta ile OK kwa kidole. Asipoiona, begi halifungwi.

Kijana wa Mbagala: Mimi naomba mnifafanulie ile K moja ya WhatsApp. Nimemwandikia mtu aya tatu za kubembeleza, jibu: "K".

Mwanzisha uzi: Pole mdogo wangu, hapo umeshaachwa. Wengine endeleeni.