Taya linalia "ka" kila nikitafuna, nimeandikiwa ultrasaundi ya USO. Kweli hii au napigwa?

Dagaa Mchele (mleta uzi):
Wakuu habari za jioni. Nina shida na taya la kulia hapa karibu na sikio, wiki ya tatu sasa. Nikitafuna linalia ka, nikipiga mwayo linakwama kidogo ndo linaachia. Daktari wa meno kaniangalia kaniambia nikapige ultrasaundi. Ya taya! Mi najua ultrasaundi ya wajawazito na wenye figo. Elfu 50 na bima yangu haigusi. Kuna kipimo kama hicho au napigwa hela? Usiku silali wakuu.

Mama Shani:
Pole mwanangu. Bigijii hizo. Mwanangu wa pili alikuwa hivyohivyo, anatafuna toka asubuhi mpaka anaenda kulala, siku ya send-off yake akacheka taya likagoma kufunga, mc anadhani bado anacheka. Acha bigijii.

Kijana wa Mionzi:
Mkuu kipimo kipo. Weka kidole mbele ya sikio ufungue mdomo, hicho kinachotembea ndo kiungo cha taya. Kati ya taya na fuvu kuna kisahani cha gegedu, kikihama mahali pake ndo unasikia hiyo ka. Tunaweka kile kifaa hapo nje, unafungua na kufunga mdomo huku tunaangalia kinavyotembea, na kama kuna maji kwenye kiungo tunayaona. Hakuna mionzi. Ubaya ni kwamba mawimbi ya sauti ya hicho kifaa hayapenyi mfupa kwahiyo upande wa ndani hatuuoni, halafu inategemea sana mkono wa anayepima. Kwa kisahani MRI (ile mashine ya sumaku) ndo baba lao ila bei yake utauza mbuzi. Ilianzaje lakini?

Dagaa Mchele:
Ilianza tu.

Bwana Mkeka:
Taya halianzi tu, sio mvua.

Pwani Tulivu:
Mimi niko Mombasa, nilitafuna muguka miaka sita taya likawa lalia kama mlango mbovu. Nikaacha, nikala uji na vyakula laini, nikawa nalikanda kwa kitambaa cha maji moto. Likatulia. Sijapima chochote.

Kijana wa Mionzi:
Wengi wanapona hivyo kweli. Ila mleta uzi nijibu: mdomo unaingia vidole vitatu wima? Na meno yanakutana kama zamani?

Dagaa Mchele:
Viwili kwa shida. Meno ya kulia yanawahi kugusana kabla ya kushoto. Ila wakuu tusitoke nje ya mada, mi nimeuliza elfu 50.

Kijana wa Mionzi:
Ulianguka? Ulipigwa?

Bwana Mkeka:
Kwenye kichwa cha uzi kasema "napigwa", nyie hamsomi 😂 shemeji yetu ana mkono mzito

Dagaa Mchele:
Haya. Nilidondoka na pikipiki, kidevu kikapiga lami. Pikipiki ya shemeji, niliichukua bila kumwambia na yeye humu anapita ndo maana nilinyamaza. Daktari nilimwambia limeanza lenyewe. Halafu kuna mzee Mkuranga anavuta mifupa, nimeshampa elfu 30 ya kutangulia, Jumamosi ananinyoosha. Watu wamepona kwake msianze kunitukana.

Kijana wa Mionzi:
Sasa ungeanza na hilo! Kidevu kikigonga chini kishindo kinapanda mpaka kwenye kiungo, na pale shingo ya taya ni nyembamba, ndo inapovunjika. Daktari kakuandikia kipimo cha hadithi uliyompa. Rudi kesho umwambie ukweli, utapigwa OPG (eksirei ya taya zima) au CT skani, ultrasaundi inaweza ikaona ufa wa upande wa nje lakini peke yake haitoshi. Na asikuvute mtu taya.

Dagaa Mchele:
Lingekuwa limevunjika ningeongea kweli? Na elfu 30 harudishi, nilishauliza.

Bwana Mkeka:
Ngoja kwanza. Huyu si ndo juzi kwenye uzi wa misosi alikuwa anatusifia mahindi ya kuchoma ya Kibaha? Wiki ya tatu taya halifunguki halafu unaguguna hindi? Wakuu hii chai.

Pwani Tulivu:
😂😂 hindi la kuchoma na taya bovu, haiwezekani

Dagaa Mchele:
Nilisema mazuri, sikusema nilikula. Mke wangu ndo alikula.

Bwana Mkeka:
Uliandika "nimemaliza mawili". Nimekwenda kusoma tena.

Kijana wa Mionzi:
Chai au sio chai, mwenye kidevu kilichogonga lami na meno hayakutani akapige picha.

Dagaa Mchele:
Moja na nusu, na nilitafunia kushoto. Jumamosi mnanishauri niende nimwangalie tu au?

Mama Shani:
Huyo mzee wa Mkuranga anashika na magoti? Nitumie namba pembeni mwanangu.